Simu ya okazio ina mwenyewe wa jana

Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za amani, Kalemie, jimbo la Tanganyika

Tunawashukuru kwa kuacha mashamba, nyavu na biashara zenu ili kusikiliza neno ambalo kwa kulitazama haraka laweza kuonekana dogo. Tumeombwa kuzungumza juu ya simu iliyotumika, ile tunayoiita simu ya okazio: namna ya kuinunua, kuitia laini, kuandikisha laini hiyo kwa kampuni ya mtandao, na kuifanya iwe simu yako kweli. Labda mtu atauliza: jambo hili linaingiaje katika kazi ya amani? Tuanze na swali hilo.

Kwa nini kamati ya amani izungumze juu ya simu

Mnajua jinsi kazi ya kutoa tahadhari inavyofanyika kwetu. Mtu wa kijiji anaona jambo lisilo la kawaida: watu wenye silaha wanapita, vijana wa pande mbili wanagombea shamba, uvumi umeanza kisimani. Anapiga simu kwa mjumbe, mjumbe anapiga kwa chefu, chefu anapiga kwa wakubwa wa leta. Zamani MONUSCO ilikuwa hapa na ilisaidia vijiji vingi katika njia hiyo ya tahadhari. Tangu ilipofunga kazi zake katika jimbo letu mwaka 2022, mzigo huo umebaki zaidi mabegani mwetu wenyewe. Na simu tunazozitumia, tuseme ukweli, kwa sehemu kubwa si mpya. Zimetoka Dubai, zimetoka Ulaya, zimevuka ziwa kutoka Kigoma, zimeshuka kutoka Lubumbashi, au zimepita mikononi mwa watu watatu wanne hapa hapa Kalemie.

Hakuna ubaya wowote katika kununua simu iliyotumika. Ni bei nafuu, na ni vizuri chombo kitumike mpaka mwisho wake, hasa sisi tunaojua jinsi coltan inayochimbwa katika nchi yetu inavyoingia ndani ya simu hizo. Lakini simu iliyotumika si kama sufuria iliyotumika. Sufuria ukiiosha imekuwa yako. Simu inabaki na mambo ya mwenyewe wa jana: namba yake ya kiwandani, majina ya ndugu zake, picha zake, pengine akaunti yake ya pesa. Ukiichukua bila kuitenganisha na huyo mtu, unachukua pia ugomvi wake, deni lake na hatari yake. Ndilo neno letu la leo: kuanza kutumia simu ya okazio ni kuitenganisha na mwenyewe wa jana, na kuiunga na wewe kwa jina lako, mbele ya mashahidi.

Mfano mmoja wa sokoni

Tuwape mfano tulioushuhudia. Mama mmoja alikimbia kijiji chake wakati wa mapigano, akarudi baada ya miezi mingi. Siku ya soko akaona simu mkononi mwa kijana wa jamii nyingine. Ilikuwa na ufa pembeni ya kioo ambao mama aliujua vizuri. Akasema, "Hiyo ni yangu." Kijana akakataa. Watu walipomwambia aiwashe na kufungua picha, watoto wa yule mama walikuwa bado mle ndani.

Ninyi mnajua kilichofuata, maana mnalijua soko letu. Watu walikusanyika. Wengine walisema kwamba sasa walioteketeza nyumba wamejulikana. Wengine wakasema kijana wao hawezi kuitwa mwizi na watu waliowatenda mabaya kwanza. Haikuwa tena habari ya simu. Ilikuwa habari ya miaka yote iliyopita.

Kilichozuia damu siku ile ni daftari la fundi wa simu. Kijana alikuwa ameinunua kwa mchuuzi mbele ya kibanda cha fundi, na yule fundi alikuwa na desturi ya kuandika. Aliandika siku, bei, jina la mchuuzi, jina la mnunuzi na namba ya kiwandani ya simu. Mjumbe wa kamati alilileta daftari, akalisoma kwa sauti. Mchuuzi akaitwa, akakiri kwamba yeye naye aliinunua njiani kwa mtu asiyemjua. Mwisho wa mazungumzo simu ilirudi kwa mama, mchuuzi akamrudishia kijana franka zake, na kila mmoja akaenda kwake. Mwizi wa kwanza hakujulikana, lakini hakuna aliyepigwa. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumeona kwamba bila daftari hata amani inaweza kuisha.

Kabla ya kulipa

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mambo haya yanafanywa kabla franka hazijatoka mfukoni.

Kwanza, bonyeza *#06#. Utaona namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI. Hiyo ndiyo namba ya kiwandani ya simu, kama vile namba iliyogongwa kwenye chuma cha pikipiki. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Ilinganishe na ile iliyoandikwa chini ya batri, au mgongoni mwa simu, au kwenye katoni kama ipo. Zikitofautiana, au namba ikiwa imekwaruzwa ili isisomeke, mrudishie muuzaji simu yake. Usibishane naye, ondoka tu.

Pili, tia laini yako mwenyewe na upige. Sikia kama unasikika, na kama wewe unasikia. Simu nyingine za Ulaya na Marekani ziliuzwa zikiwa zimefungwa kwa kampuni moja ya huko. Ukitia laini ya Vodacom, Airtel au Orange ya Kongo, zinakuomba namba ya siri ya kufungulia. Fundi anaweza kukuambia kwamba kuifungua ni kazi ya dakika tano. Basi aifungue kwanza, uone imepiga, ndipo ulipe. Tena kuna simu za zamani za Marekani zilizotengenezwa kwa masafa ya 850 na 1900 peke yake, na rezo ya zamani ya huku kwetu inatumia 900 na 1800. Simu ya namna hiyo itawaka vizuri, itacheza muziki vizuri, lakini haitashika rezo hata ukipanda kilimani.

Tatu, kama ni simu ya kioo, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Hapa wengi hupoteza fedha. Simu za iPhone tangu mwaka 2013, na simu nyingi za Android tangu mwaka 2015, zina kufuli la mwenyewe. Ukifuta kila kitu bila akaunti ya zamani kuondolewa, simu itakapowaka tena itauliza jina na neno la siri la mwenyewe wa jana. Usipokuwa nayo, umenunua kioo cha kujitazamia. Elewa tofauti hii: simu iliyoibiwa Paris na kufungiwa na kampuni za huko inaweza ikashika rezo hapa Kalemie, lakini kufuli la akaunti linaifuata simu popote duniani. Muuzaji anayesema amesahau neno la siri la simu anayodai ni yake amekwisha kukujibu swali ambalo hujamwuliza.

Nne, andikeni karatasi. Siku, bei, jina la muuzaji na la mnunuzi, IMEI, jina la shahidi, sahihi au alama ya kidole. Mistari mitano inatosha. Sheria ya adhabu ya nchi yetu inamwadhibu pia anayepokea kitu cha wizi hali akijua kimeibiwa. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ulinunua mchana, mbele za watu.

Laini kwa jina lako

Simu ikiwa nzuri, inabaki laini. Laini si simu. Unaweza kubadili simu mara kumi na laini ikabaki ileile, na jina lililoandikwa kwa kampuni ndilo linalojulikana na leta. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 kuhusu mawasiliano inazitaka kampuni zimtambue kila mteja wao, na kabla yake pia kulikuwa na amri za mawaziri juu ya jambo hilo. Kwa hiyo nenda kwenye duka la kampuni au kwa wakala wake anayetambulika, pamoja na kitambulisho chako. Kwa wengi wetu hicho ni kadi ya mpiga kura, maana kadi ya taifa ya uraia haijawafikia raia wengi. Mwombe wakala akusomee jina alivyoliandika. Herufi moja ikipotea leo, siku utakapotaka kurudishiwa namba yako itakuwa ni jina la mtu mwingine.

Tunajua kwamba barabarani zinauzwa laini zilizokwisha kuandikishwa. Unatia, unapiga, hakuna maswali. Tunawasihi, wajumbe, msizitumie. Hujui ni jina la nani. Siku laini hiyo itakapotumiwa kutisha mtu, au namba yake itakapokutwa katika simu ya mtu mwenye silaha, watakaoitwa ni wawili: yule aliyeandikwa bila kujua, na wewe uliyeishika. Ni vivyo hivyo kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa. Simu ya Kigoma inafanya kazi hapa ukiitia laini ya Kongo, hilo ni sawa. Lakini laini ya Tanzania iliyoandikishwa kwa alama za vidole vya shemeji yako wa Kigoma ni ya shemeji yako. Ukiharibu nayo, yeye ndiye atakayejibu.

Neno hili tunawaambia hasa akina mama. Mara nyingi mume ndiye aliye na kadi, na laini zote za nyumba zimeandikwa kwa jina lake. Akifariki, au akienda machimboni asirudi, simu ikipotea mke hawezi kurudishiwa namba aliyoitumia miaka kumi, wala franka zilizokuwa ndani ya M-Pesa au Airtel Money. Tumemwona mjane akisimama mbele ya dirisha la duka, anajua namba kwa kichwa, anajua neno la siri, lakini jina si lake. Mama mwenye kitambulisho aandikishe laini yake kwa jina lake. Wababa, jambo hili lisiwatie mashaka. Ni ulinzi wa watoto wenu.

Tena tuzungumze juu ya RAM, kwa kuwa jina hilo bado linatumiwa na walaghai. Mwaka 2020 leta ilianza kuandikisha simu zote kwa IMEI, na fedha zikawa zinakatwa katika unite za watu: dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na zaidi. Watu walilalamika sana, katika bunge na barabarani, na makato hayo yaliondolewa mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia simu yako ya okazio haitafunguka mpaka umlipe fedha ya RAM, usimpe. Kama kuna jambo jipya, uliza kwenye duka la kampuni lenyewe. Kuuliza si ujinga.

Laini ikishafunguka, tunza ile kadi ya plastiki iliyoibeba. Hapo ndipo palipoandikwa PIN na PUK. Ukikosea PIN mara tatu laini inafungwa, na PUK ndiyo inayoifungua. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Usimpe mtoto achezee.

Kuondoa mambo ya mwenyewe wa jana

Kazi hii watu wengi huiruka, na katika nchi kama yetu ndiyo yenye hatari kubwa. Simu yako ya okazio inaweza kuwa na picha usizozijua, katika simu yenyewe au katika kadi ya kumbukumbu. Ukifika kwenye barieri na mwenye silaha akaichukua akaifungua, atakuta nini? Picha ya mtu aliyevaa nguo za jeshi. Namba iliyoandikwa "Komanda". Ujumbe wa lugha usiyoisema. Utajieleza vipi kwa mtu aliyekasirika na anayetaka franka? Kwa hiyo ondoa kadi ya kumbukumbu, futa majina, futa ujumbe, kisha rudisha simu katika hali ya kiwandani. Fanya hivyo siku ileile uliyoinunua, baada ya akaunti ya zamani kuondolewa.

Lakini kabla ya kufuta, ukiona wazi kwamba simu ni ya mtu aliyeporwa, picha za jamaa, za watoto, za ubatizo, usifute haraka. Lete simu kwa kamati au kwa chefu. Pengine ndani yake kuna jina "Mama" au "Nyumbani", na namba hiyo ikipigwa mtu atapokea. Tena picha za watu si za kuonyeshana wala kutumiana. Mke wa mtu, binti wa mtu, marehemu wa mtu: heshima yao haikuuzwa pamoja na simu. Picha moja ya namna hiyo ikizunguka vijijini inaweza kubomoa kazi ya kamati ya miaka miwili.

Namba ya kutoa tahadhari

Sasa simu yako imewaka, laini ni yako. Kwa mjumbe wa kamati bado hujamaliza. Piga kwa kila mtu aliye katika mnyororo wa tahadhari, msikilizane kwa sauti. Ujumbe peke yake hautoshi, maana hujui aliyeusoma. Kama umebadili namba, tangaza kwamba ile ya zamani imekufa, na kila mmoja aifute. Kampuni huchukua namba iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa na kumpa mteja mwingine. Maana yake ni kwamba siku utakayopiga usiku kusema "wamefika, wako karibu na kanisa", atakayepokea anaweza kuwa mgeni wa Lubumbashi asiyejua kijiji chenu. Mbaya zaidi, anaweza kuwa mtu ambaye hamkutaka ajue. Kwa hiyo kamati ipange siku moja kila wiki ya kujaribu namba zote. Namba isiyopokelewa mara mbili mfululizo, mtu aende kwa miguu kuuliza kuna nini.

Simu ikiibiwa au ikipotea wakati wa kukimbia, jambo la kwanza ni kuazima simu ya jirani na kuwajulisha wenzako wasiiamini tena namba hiyo. Jambo la pili ni kwenda kwa kampuni na kitambulisho chako, laini ifungwe na upewe nyingine yenye namba ileile. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba uliandikisha kwa jina lako.

Tunayoyaomba kwenu

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu mtakayorudi nayo vijijini.

La kwanza, kila kamati iwe na daftari la simu. Anayenunua simu ya okazio kijijini aje aandike, bila kulipa chochote. Daftari likae kwa mtu anayeaminiwa na jamii zote, na majina yaliyomo yasisomwe hovyo. Lifunguliwe tu panapokuwa na mashtaka.

La pili, wazungumzeni na mafundi na wachuuzi. Hao si adui zetu. Fundi anayeandika analinda kibanda chake, analinda mteja wake, na siku moja atalinda mtaa. Msiwaendee kama polisi. Waendeeni kama wateja.

La tatu, mtu akitambua simu yake mkononi mwa mwingine, kanuni iwe moja kwa jamii zote: hakuna kupiga, hakuna kunyang'anya, simu inashikwa na kamati, na wote wawili wanakwenda pamoja kwa aliyeuza. Mwenye karatasi asikilizwe. Asiye na karatasi naye asikilizwe, maana wengi walinunua bila kufundishwa. Ikiwa ni jambo la uhalifu, lipelekwe kwa polisi na kwa mahakama, lisihukumiwe sokoni.

Amani ya nchi yetu inajadiliwa katika miji mikubwa, na tunawaombea wanaoijadili. Lakini amani ya mtaa inasimama au inaanguka kwa mambo tunayoyashika mkononi kila siku. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu abonyeze *#06#, aandike zile tarakimu 15 kwenye karatasi, na aiweke karatasi hiyo mbali na simu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.